Gesi ya Kupimwa kwa Kopo

Jumamosi nilikuwa kwa muuza mkaa Kiwalani, nasubiri zamu yangu. Mbele yangu alisimama mama lishe, kapu mkononi. Muuza mkaa akamtania: "Dada, si ulipewa jiko la gesi kule semina? Mbona huniachi?"

"Lipo sebuleni," akajibu. "Nimelifunika kitambaa cha kufuma."

Nikadakia, "Mtungi umeisha?"

Akanitazama viatu kwanza, ndipo uso. "Kaka yangu, mie napikia hela ya jana. Mkaa napimiwa kopo moja, kesho narudi. Gesi nayo utanipimia kwa kopo?"

Kuhusu moshi na miti inayoisha tumehubiriwa sana, na jiko lenyewe kweli zuri. Ila anayepata kidogo kidogo hununua kidogo kidogo, na pale mtaani kinachouzwa hivyo ni mkaa. Waliogawa majiko hilo hawakumuuliza.

Akaondoka na kopo lake moja ndani ya kapu. Mimi, mwenye mitungi miwili ya gesi nyumbani Tegeta, nikapakia kwenye gari gunia zima, la kuchomea samaki Jumapili.