Mafuta ya Jioni

Agnella wa Mofu alizaliwa na ualbino, tena kwa wazazi wakulima wa mpunga, na hayo mawili hayapatani kabisa. Mpunga ukishatoa masuke, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na lazima mtu akae shambani kuwaamia tangu kunapopambazuka mpaka jua lizame. Mtu huyo ni yeye. Mwaka wa kumi na nne huu anapiga debe na kupaza sauti mpaka koo linakauka. Amechoka, ila kuchoka hakufukuzi ndege.

Mafuta ya kukinga jua alikuwa nayo, alipewa kliniki. Na jamani, aliyaheshimu! Kila jioni akishaoga alijipaka usoni, shingoni, masikioni, kama mama yake alivyomzoesha na mafuta ya nazi: mtu hujipaka akishaoga. Asubuhi nani aoge, na umande ule, halafu aende kukanyaga tope? Alinawa uso, akajifunga kitenge kichwani, masikio nje ili asikie ndege, akaondoka.

Kidonda cha sikio la kushoto kilianza kama gamba dogo. Likabanduka, likarudi. Akasema ni mbu. Mavuno mawili yakapita, hakijapona, ndipo mumewe Obadia alipompakia kwenye pikipiki mpaka Ifakara.

Muuguzi alikitazama kwa muda. "Mama, mafuta hujipaki?"

"Najipaka. Sijakosa hata siku moja."

"Saa ngapi?"

"Jioni, nikishaoga."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba mafuta yale hayaponyi ngozi iliyokwisha kuungua, yanaikinga kabla. Ajipake asubuhi kabla ya kutoka, arudie mchana, avae kofia pana na mikono mirefu. Agnella hakulia. Alizifikiria jioni zile zote.

Kidonda kilipopimwa kilikutwa ni saratani; sikio likakatwa kabla haijasambaa.

Msimu uliofuata Obadia alijenga paa la nyasi juu ya dungu, lile jukwaa la kuamia ndege, na saa za jua kali akawa anakaa yeye. Alfajiri ya kwanza, mama mkwe alimkuta Agnella mlangoni, amejaza mafuta viganjani.

"Mkamwana, mafuta alfajiri yote hii, kwani unakwenda harusini?"

"Shikamoo, mama. Nakwenda kuamia ndege." Akajipaka nyuma ya sikio la kulia, polepole. "Nimebakiwa na hili moja."