Kipindi Nilichomweleza Mama

Kaa vizuri, wewe unayenisikiliza, maana habari hii haina haraka nami nataka uielewe hatua kwa hatua. Inaanza na harufu ya mikono. Mama yangu alipoingia nyumbani jioni, kabla hata hajavua koti, sebule yote ilijaa harufu ya ile sabuni kali ya kuulia viini, ambayo hukausha ngozi mpaka vidole vikapasuka, na juu yake harufu ya mafuta ya nazi aliyojipaka ndani ya basi ili kuituliza. Alikuwa mtunzaji katika nyumba ya wazee upande wa Great Barr. Kazi yake ilikuwa kuwaamsha wazee, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha, na kuvumilia wanapomwita kwa majina ya mabinti zao. Tuliishi Kingstanding, kaskazini mwa Birmingham, kwenye mtaa wa nyumba za matofali zilizofanana mno, hata wiki yangu ya kwanza niligonga mlango wa jirani mara mbili nikidhani ni kwetu.

Ni lazima nikueleze kwanza kwa nini mimi na mama yangu tulikuwa kama wageni. Aliponiacha Taita kwa nyanya yangu nilikuwa na miaka mitano. Mpango ulikuwa mwaka mmoja tu, apate makaratasi, kisha anichukue. Makaratasi yalichukua miaka saba. Familia nyingi za kwetu zilizofika hapa zinaujua mpango huo, na zinajua pia jambo ambalo halisemwi pale uwanja wa ndege: mtoto anayeshuka si yule uliyemwacha, na mama anayemngoja si yule aliyeondoka. Nyumbani nilimwita nyanya "Mama", kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Mama mwenyewe nilimwita Eliza, kama nyanya alivyomwita kwenye simu. Nilipofika Birmingham nikiwa na miaka kumi na miwili, ulimi ulikataa kubadilika. Nilisema, "Eliza, chumvi iko wapi?" naye akanipa chumvi bila kunisahihisha. Mwaka ule tulikuwa na kazi moja tu, yeye na mimi, ingawa hakuna aliyeitaja: kuwa mama na mtoto tena.

Kilichotusaidia kilikuwa televisheni. Kila Alhamisi jioni, baada ya chakula, kulikuwa na kipindi cha vichekesho cha Kiingereza kuhusu marafiki wanne wa shule ya sekondari, vijana wasiojua la kufanya na mikono yao wala miguu yao. Walitaka kupendwa na kila walichojaribu kiliwaaibisha. Shuleni kwangu kila mtu alikitazama, na Ijumaa asubuhi ilibidi uwe na la kusema, kwa hiyo mimi nilikitazama kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Eliza alikuwa akipita na nguo za kupiga pasi, anasimama, anatazama, anaenda zake. Jioni ya tatu aliuliza, "Hawa ndio watoto unaosoma nao?" Nikamwambia ni maigizo. "Najua ni maigizo. Nauliza, ndivyo walivyo?" Baadaye sana nilielewa alichokuwa akitafuta. Miaka yangu saba ilikuwa imempita na hakuwa na pa kuisoma, akaamini kwamba akikijua kipindi kile atanijua mimi. Akaweka nguo chini, akaketi.

Kipindi hakikuwa na vile vicheko vya kurekodiwa vinavyomwonyesha mtazamaji mahali pa kucheka, na vijana wale waliongea upesi, kwa Kiingereza cha mitaani ambacho kozi yake ya kutunza wazee haikumfundisha. Basi alinitazama mimi. Nikicheka, naye alicheka, amechelewa kidogo, kisha akasema, "Haya, nieleze." Nami nikaeleza. Nadhani ndipo nilipogundua kwamba napenda kueleza mambo. Mpaka leo ndiyo kazi inayonilisha, kuwafundisha watu wazima kusoma. Jioni moja kijana mmoja wa kwenye kipindi alijiandaa siku nzima kumwomba msichana wacheze dansi, akamfikia, akafungua mdomo, akamuuliza ni saa ngapi. "Kwa nini asimwambie?" Eliza akauliza. Nikamwambia anaogopa. "Anaogopa nini, na saa anayo mkononi? Huyu mtoto hana shangazi wa kumkalisha chini?" Nilicheka mpaka nikateleza kutoka kwenye kochi, na nikiwa pale sakafuni nikasema, "Mama, tazama, sasa ndiyo anaificha saa yake!" Neno lilitoka lenyewe. Yeye aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba, na maji yakamwagika kwa muda mrefu bila chombo chochote kuoshwa.

Jambo lililokuwa gumu kuliko yote kumweleza ni utani wa mama. Vijana wale walichekana kwa kusema mambo ya ajabu kuhusu mama zao, na wote wakacheka, hata mwenye mama. Mara ya kwanza aliposikia, Mama alijishika mdomo. Nikatafuta njia. Nikamkumbusha watani wa kwetu, wanaoweza kuja msibani wakakucheka machozi yako nawe huna ruhusa ya kukasirika. Akafikiri. "Lakini mtani hamfanyii hivyo mama yake mwenyewe," akasema. Nikamfafanulia kwa uvumilivu kama mwalimu mdogo: hapa wanaotaniana hivyo ndio wanaopendana, anayetaniwa lazima acheke, akikasirika ameshindwa, na kesho atataniwa zaidi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, macho yakiwa bado kwenye televisheni, "Na wewe wakikwambia hivyo juu yangu?" Nikasema, "Hawathubutu. Nitawanyamazisha." Akakivuta kichwa changu begani kwake, na tukakimaliza kipindi tukiwa hivyo.

Siku niliyotaka kukueleza ilikuwa ya mwezi wa pili, alasiri ya baridi kavu. Nilikuwa nimesahau nyumbani viatu vya mazoezi ya baada ya masomo. Mama alitoka zamu ya asubuhi, akapitia nyumbani akavichukua, akaja navyo mpaka geti la shule bila kubadilisha sare yake ya samawati. Nilikuwa nimesimama na marafiki zangu watatu. Kirsty alikuwa mrefu kuliko baadhi ya walimu na alitembea amejikunja ili asionekane. Liam alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye. Hodan, Msomali aliyekulia Nairobi kabla familia yake haijapitia Uholanzi, ndiye pekee pale shuleni niliyezungumza naye Kiswahili. Hatukuwa watu wa maana shuleni. Tulichokuwa nacho ni sisi wenyewe, nami niliogopa kukipoteza.

Mama alikuja akitabasamu, koti lake refu limefunguka. Aliyajua majina ya wote, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alinyoosha mkono amsalimie kila mmoja kwa zamu, kama watu wanavyosalimiana kwetu. Huwezi kuwakuta watu wamesimama ukawapungia tu kama unayeita basi. Alianza na Liam. "Wewe ndiye Liam," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Hujambo, mwanangu?" Watoto wa hapa hawajazoea kupewa mkono na mama za wenzao. Liam aliutazama ule mkono, akanitazama mimi, na nikaona mdomo wake unaanza kupinda kwa kicheko. Nilijua utani unakuja. Sikujua ni upi, na kutojua huko ndiko kulikoniogopesha. Nikaamua kuwahi. Nikasema kwa Kiingereza, upesi, kwa lafudhi ile ile ya vijana wa kwenye televisheni, "Usiushike huo mkono, Liam. Huo umeshinda ukifuta wazee matako."

Liam alipiga yowe akaruka nyuma. Kirsty alifunika uso, mabega yakimtikisika. Nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimefaulu. Alhamisi zote zile, na hatimaye nimesema kitu ambacho kingefaa kuwa ndani ya kipindi. Nilikisema haraka makusudi, nikitegemea kwamba hataelewa. Nilisahau nani alimfundisha. Mama alinitazama usoni, kama alivyozoea kwenye kochi, akaona nacheka. Kisha naye akacheka, amechelewa kidogo. Anayetaniwa lazima acheke. Akaurudisha mkono wake, akautia mfukoni mwa koti, na kwa mkono wa pili akanipa mfuko wa viatu. "Usichelewe kurudi," akasema, akaelekea kituo cha basi. Hodan hakuwa amecheka. Aliniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Wewe, yule ni mama yako. Mfuate." Nikamwambia ni utani tu. "Sikuulizi kama ni utani. Mfuate!" Basi likaja, likamchukua.

Alhamisi iliyofuata nilimwita kipindi kilipoanza. Alikuwa jikoni akikunja nguo. "Tazama tu, mwanangu," akasema, kwa sauti nzuri kabisa. "Mimi nimeshaelewa." Hakuketi tena, Alhamisi ile wala nyingine yoyote. Ningeshukuru angenigombeza. Nyanya angenichapa, na jioni tungekula sahani moja. Mama aliendelea kunipikia, kunisuka nywele, kunipigia pasi sare. Nilipohitimu chuo alipiga vigelegele mpaka ukumbi mzima wa Waingereza ukageuka kumtazama. Hakuninyima chochote ila kimoja: hakuniomba tena nimweleze kitu. Barua za shule, za serikali, za daktari, zote alizipeleka kwa dada mmoja wa kanisani, na marafiki zangu walipokuja nyumbani aliwasalimia akiwa mlangoni mwa jikoni, mikono imeshika kitambaa. Tulikuwa tumekaribia sana kufika, mimi na yeye. Tangu pale tukawa tunaishi vizuri tu.

Miaka mitatu iliyopita hospitali ilimwandikia arudie vipimo. Dada wa kanisani alikuwa amesafiri kwenda Kenya, basi Mama alikaa na barua ile ndani ya mkoba akimngoja arudi. Jumapili zote hizo nilikuwa kwake, nakula chapati zake, mkoba ukiwa kwenye kiti kando yangu. Sisemi kwamba barua ingemwokoa; hata madaktari hawakusema hivyo. Nasema ilikuwa kando yangu.

Alasiri moja wodini, nikijua kwamba siku ni chache, nilimwambia, "Mama, ile siku pale getini, shuleni..." Akafumbua macho. "Siku gani?" akauliza, akinitazama. Mpaka sasa sijui kama alikuwa amesahau kweli, au alikuwa ananifungulia njia ya kutokea, au alikuwa ananingoja niyataje maneno yenyewe. Nilikuwa nayo yote, neno kwa neno. Nikasema, "Basi, Mama, si kitu. Pumzika." Akapumzika. Alifariki Jumanne, nami nikiwa njiani.

Leo nina binti wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa hapa hapa Birmingham. Kiswahili anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza. Hatuna Alhamisi, kila mmoja ana simu yake na kicheko chake, na nikimuuliza anachekea nini huniambia nisijisumbue. Wakati ule tulikuwa na kioo kimoja cha televisheni na kochi moja, na watu wawili wasiojuana walilazimika kukaa karibu. Kipindi kile bado kinapatikana, na mwaka huu nilikitazama tena peke yangu. Bado kinachekesha. Lakini niliona jambo ambalo utotoni halikuniingia akilini: vijana wale wanapotaniana kuhusu mama zao, mama wenyewe hawapo. Hilo sikumweleza Mama, kwa sababu sikulijua.

Kwa hiyo sikiliza. Ikiwa kuna sentensi uliyomwambia mtu aliyekulea, na bado unaikumbuka yote, usimwandikie kwenye simu, wala usimwambie tu akusamehe kwa yote, maana "yote" ni neno la kujifichia. Nenda kwake wiki hii. Keti mbele yake, itamke sentensi ile kama ulivyoitamka, mwambie ulikosa, kisha nyamaza umwache aseme yeye.