Mwaka Walipoacha Kumwita Mama Petro

Harufu ya mpunga unapochanua juu ya maji ya mafuriko haifanani na harufu nyingine niijuayo. Ina utamu wa maziwa, chini yake kuna uvundo wa tope na majani yaliyooza, na ukiwa karibu na mikoko, kama tulivyokuwa sisi kule Mbuchi, upepo wa baharini huongeza chumvi kidogo. Waliozaliwa mjini nikiwaambia hayo hudhani ninapamba maneno. Sipambi. Harufu ile ikinijia hata leo, nikiwa bikizee anayetembelea fimbo, husimama nilipo, kwa kuwa masika ya mwaka wa pili wa vita ya Maji Maji niliivuta kutwa kucha nikiwa juu ya dungu pamoja na mama yangu, ambaye alikuwa hasemi wala hali, nami sikujua kama kesho ingenikuta bado nina mama.

Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Mto Rufiji ukifurika, sisi watu wa bondeni hatukukimbia. Tulipanda juu na vyungu vyetu, kuku wetu na mikeka yetu, tukalinda mpunga mpaka uive. Adui ni kwelea, ndege wadogo wasio na haya, ambao wakitua shambani asubuhi, jioni unabaki na mabua. Kila dungu lilikuwa na kamba zilizofungwa vifuu vya nazi vya kutikiswa, na kombeo la kurushia madonge ya udongo, lakini silaha kubwa ilikuwa sauti. Aliyeona wingu la ndege linaelekea kwa mwenziwe alipaza sauti, "Kwako hao!", na mwenziwe sharti aitike hata kama amekwisha kuwaona. Asiyeitika alionekana hana adabu, na tena alitia watu hofu, maana huenda ameumwa na nyoka au amebebwa na mamba.

Wengine waliitika "Yee!" au "Nawaona!" Mama yangu aliitika "Haleluya!" Alikuwa ameokolewa utotoni katika jahazi la watumwa, akalelewa na wamisheni pwani ya kaskazini, na huko ndiko alikoolewa na baba, seremala aliyekuja Salale, karibu na Mbuchi, kwa kazi ya kukata boriti za mikoko. Baba alikufa kwa homa kabla sijamjua. Mama hakuwa na ukoo wa kurudi kwao, hivyo jirani yetu, Bi Somoe, Mndengereko mwenye sauti ya kupasua mbao, alimwazima kipande cha shamba kando ya lake. Tulikuwa Wakristo peke yetu bonde zima, na hakuna aliyetusumbua kwa hilo isipokuwa kwa utani. Bi Somoe alikuwa akisema ndege wa shamba letu wamekwisha kubatizwa, ndiyo maana hawaogopi tena kelele. Mama alicheka sana akiambiwa hivyo, kicheko cha mtu aliyewahi kukosa kila kitu akapewa vichache. Furaha yake ilisikika mashamba manne mbali.

Kaka yangu Petro alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu, mwenye mgongo uliochorwa mijeledi katika shamba la pamba la serikali, ambako vijana wote walilazimishwa kulima. Habari zilipotufikia kutoka milima ya Umatumbi kwamba yako maji ya dawa, na kwamba anayeyanywa na kunyunyiziwa, risasi za Mdachi humgeukia matone, Petro hakulala tena vizuri. Yeye na Mfaume, mtoto wa pekee wa Bi Somoe, walikuwa wameshibana tangu utoto. Siku waliyoondoka mama alimshika mkono mlangoni. "Petro," alimwambia, "wewe ulikwisha kumwagiwa maji. Hayo yanakutosha." Petro alitabasamu, akasema, "Mama, yale ni maji ya kufia. Mimi nataka ya kuishi." Alimbusu kichwani kama mtu aendaye kuvua, wakaondoka.

Hawakurudi. Mtu mmoja aliyetoroka huko juu alitueleza kwamba walipigwa bunduki wote wawili wakivuka kijito, na maiti zikaachwa hapohapo kwa kuwa askari walikuwa wanachoma vijiji na kila mtu alikimbilia porini. Husemwa kwamba tembo wapiganapo ziumiazo ni nyasi, lakini nyasi walau huota tena. Bi Somoe alimwaga chozi lake lote. Alikalia matanga, akasomewa hitma ya mwanawe, watu wakala, wakamshika mkono. Mama yangu hakuwa na kaburi la kulilia, na mwalimu wa dini aliyekuwa akitujia kwa mtumbwi kutoka misheni alikuwa hajaonekana tangu vita ianze. Akabaki anamngoja ili Petro asomewe sala. Alingoja kiangazi chote mpaka mvua zikaanza.

Hapo ndipo watu wa Mbuchi, kwa wema wao wenyewe, walipomwongezea msiba bila kujua. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo ndilo huzeeka nalo. Baada ya habari zile, mtu mmoja aliona vibaya kumwita mama kwa jina la marehemu, akamwita Mama Vero, kwa jina langu mimi. Wengine wakafuata, hata wakaanza kukatazana. Mtoto aliyeropoka "Mama Petro" alipigwa kofi la mdomo. Mimi nilijiona mkubwa kwa siku chache, mtoto ni mtoto. Lakini nilimwona mama kila akiitwa hivyo anainua uso, anangoja kidogo kana kwamba kuna neno jingine linakuja, kisha anauinamisha.

Tulipopanda dunguni alikuwa amekwisha kunyamaza. Sisemi alikuwa na huzuni, maana huzuni niliiona kwa Bi Somoe, ambaye alilia huku anapika, akalia huku anakemea watu. Hiki kilikuwa kitu kingine. Mama aliketi akiangalia maji, na nzi akitua kwenye mdomo wake hakumfukuza. Nilimlisha wali kwa mkono wangu, ukamkaa mdomoni mpaka nikautoa. Hakuitika ndege. Nilifukuza mimi, kwa sauti yangu ya kitoto, mpaka koo likavimba, kwa sababu ghala letu la mwaka uliopita lilikuwa limekombwa na askari na mpunga ule ulikuwa ndio chakula chetu chote. Wanawake wa madungu ya jirani walisema ana shetani, apigiwe ngoma ya kupungwa, tena ngoma kubwa. Bi Somoe aliwajibu kwa ukali wake wa kawaida. "Hana shetani huyo. Amelemewa. Nyie mzigo ukimwangukia mtu mnampigia ngoma?"

Mwalimu wa dini alifika mpunga ukiwa umeanza kuchanua. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kanzu iliyolowa mpaka magotini, na sikumwona kuwa mtu mbaya wakati ule wala simwoni hivyo sasa. Mama alipomwona alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu tupande pale. "Utamsomea Petro?" Mwalimu alijikuna shingo. Akasema kwa upole kwamba aliyekunywa maji ya mganga alijitoa mwenyewe katika kanisa, na yeye hana ruhusa. Kisha, nadhani alitaka kumfariji, akamwambia kwamba Mkristo wa kweli hudumu katika furaha, na huzuni ikizidi kipimo ni dalili kwamba imani imepungua. Mama alimsikiliza kwa makini kama anayeelekezwa njia.

"Furaha hiyo iko wapi, mwalimu?" aliuliza. "Nionyeshe. Hata ikiwa chini ya maji haya, nitaifuata."

Mwalimu alidhani ni usemi tu. Alitubariki, akaingia mtumbwini, akaenda zake.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa nimegeuka kutikisa kamba za vifuu upande wa mikoko. Niliposikia ngazi inalia, nilidhani mama anashuka kuteka maji. Nilipogeuka mafuriko yalikuwa yamekwisha kumfika kifuani, anatembea polepole katikati ya mpunga kuelekea kwenye mkondo wa mto, mikono ameitandaza juu ya maji, kanga imevimba nyuma yake. Nilipiga ukelele wa "Mama!" mpaka nikaona giza. Hakugeuka. Niliita tena na tena, na kila nilipoita alikuwa ameingia zaidi, maji yamefika mabegani.

Bi Somoe alisikia. Nilimwona amesimama ukingoni mwa dungu lake. "Mama Vero!" alipaza sauti. "Mama Vero, rudi!" Mama aliendelea kwenda. Bi Somoe alihangaika huku na huku akitafuta pondo la mtumbwi wake, hakuliona, na hapo akasimama tena, akajishika kiuno kama alivyofanya misimu yote tuliyokuwa majirani, akapiga ukelele wa ndege.

"Mama Petro wee! Mama Petro! Kwako hao!"

Mama alisimama. Kila mtu bondeni alisikia jina lile likitajwa waziwazi. Maji yalikuwa yanamgusa kidevu. Aligeuza uso taratibu kumtazama aliyemwita, na midomo yake ikatikisika, lakini sauti iliyotoka haikuwa ile tuliyoizoea, ilikuwa ya kukwaruza, ya koo lililokauka.

"Haleluya," akasema.

"Sikusikii!" akajibu Bi Somoe, naye analia. "Mama Petro, kwako hao!"

"Haleluya!"

Waliitana hivyo mpaka pondo likaonekana na mtumbwi ukamfikia. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Bi Somoe kama alikusudia kulitaja jina lile. Akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Makusudi gani? Nilisahau kama tumekatazana. Hofu haina adabu."

Siku ile mama alipotolewa majini, Bi Somoe hakuondoka kwetu. Alimkausha mama, akamvika kanga yake mwenyewe, akampikia uji mwepesi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nao walikuwa na dhiki moja. Baadaye alimwambia, "Huyo mwalimu wenu amekataa. Haya. Mwombee wewe, ni wako, wewe ndiye uliyemzaa. Taja, nami nitaitikia." Mama alianza kumtaja Petro mbele ya Mungu, si kwa maneno ya kanisani, kwa maneno ya nyumbani: kwamba alipenda ukoko wa wali, kwamba aliogopa radi mpaka akiwa mkubwa, kwamba mgongo wake ulikuwa na vidonda ambavyo hakutaka vipakwe mafuta, kwamba alikwenda kutafuta maji ya kuishi na apewe. Kila alipovuta pumzi, Bi Somoe aliitikia, "Amina." Dini zao zilikuwa mbili, neno la kuitikia lilikuwa moja. Bi Somoe akaongeza na Mfaume, mama akaitikia. Na katikati ya kilio hicho, walipofika habari ya siku vijana wale walipoiba kuku wa Bi Somoe wakamrudishia miguu tu, mama alicheka. Nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika kamba ya ndege. Nilimwona analia na kucheka kwa uso uleule mmoja, na sijapata kuona tena furaha iliyoniuma kiasi kile.

Ningependa kuandika kwamba alipona. Tulivuna, tukala, akarudi kuitwa Mama Petro na bonde zima. Lakini maradhi yale yalimrudia, mwaka huu yakakawia, mwaka ule yakawahi, na yakija yalimkalisha chini kama siku za kwanza. Katika siku zake njema aliimba mpaka majirani wakachoka. Katika siku mbaya aliniruhusu niimbe mimi, au asiimbe mtu. Nikiwa msichana mkubwa aliniambia jambo ambalo nimelibeba tangu hapo. "Nilidhani furaha ni kitu ninachodaiwa na Mungu, kama zaka, na mimi sina. Siku ile majini nilijua kwamba hata mikono mitupu ananipokea. Nikijua hivyo nafurahi, Vero. Hata siku ambayo siisikii furaha yenyewe." Alikufa wakati wa masika, katika moja ya siku zake mbaya, ameuelekea ukuta. Hakuimba wala hakutabasamu. Nilimshika mkono mpaka ukapoa.

Sasa ninakaa Kibiti, kando ya barabara, mbali na maji. Mafuriko ninayasikia kwa watu. Tuna kanisa dogo, waumini wake wengi ni wageni, watumishi wa serikali na familia zao, na nasikia mjini kuna madaktari wanaotibu maradhi kama yale ya mama, wanayaita kwa jina lake na hawampigii mtu ngoma. Namshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo bado tunamtaka mwenye huzuni aje kanisani na uso uliopigwa pasi. Jumapili iliyopita mchungaji wetu, kijana mwenye moyo safi, aliniomba mimi mkongwe nisimame nitoe ushuhuda jinsi Bwana alivyomponya mama yangu. Alikuwa amesikia habari za siku ya mafuriko nusunusu.

Nilisimama na fimbo yangu. Nikasema, "Hakuponywa. Alimpenda Mungu na aliumwa, vyote viwili, mpaka siku niliyomzika." Mchungaji aliangalia miguu yake. Watu walikuwa wananingoja nimalizie na mema, nami sikuwa nayo zaidi ya hayo. Hapo nilisikia mtu analia kwa kujibana, benchi la nyuma kabisa, mwanamke kijana ambaye kila Jumapili huwa wa kwanza kutabasamu mlangoni. Sikurudi mahali pangu. Nilikwenda polepole mpaka nyuma, nikaketi karibu naye, akaniegemea bega bila kuniuliza mimi ni nani. Wimbo wa kufunga ibada ukaanza, kanisa zima likasimama, na sisi wawili tukabaki tumekaa, hatukuuimba.