Mdogo Wangu, Mke wa Lyangombe

Nilipokuwa mtoto, mdogo wangu alikuwa tayari ameolewa. Yeye alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mmoja, na mume wake alikuwa Lyangombe, mkubwa wa mizimu ya wazee wetu, yule mwindaji aliyeuawa na nyati na ambaye hata akiwa mfu aliendelea kuwalinda waliomwita. Nabintu aliahidiwa kwake akiwa bado ananyonya. Sikuambiwa kwa nini, na sikuuliza. Nilichojua ni kwamba yeye alikuwa na bangili nyembamba ya shaba mkononi na mimi sikuwa na kitu.

Tulikaa mjini, Bagira, lakini kila likizo mama alitupeleka kijijini Miti kwa Koko, mama yake. Huko ndiko ndoa hiyo ilikoonekana. Maziwa ya kwanza ya asubuhi yalikuwa ya Nabintu. Hakuna aliyeruhusiwa kumchapa, kwa sababu mke wa mtu hachapwi na wengine, sembuse mke wa mtu wa namna ile. Koko alipomimina kasiksi, pombe yake ya ndizi, mbele ya kibanda cha mizimu nyuma ya nyumba, kibanda cha nyasi kisichonifika hata kiunoni, alimwita Nabintu asimame kando yake. Mimi aliniita kwa ajili ya bidoni, dumu la kuchotea maji. "Faida, maji imeisha." Nililisikia neno hilo Miti kuliko jina la mungu yeyote.

Siku moja tulikuwa tunachambua maharage. Yaani mimi nachambua, yeye ananitazama.

"Bwana yako anakuleteaka nini?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu."

"Unamuonaka?"

"Hapana, yaya," akasema, kama alivyoniita mimi dada yake. "Hata sura yake sijui."

"Sasa unaringa juu ya nini?"

Akacheka. Hakuwa anaringa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu anayeringa unaweza kumchukia kwa raha.

Mwaka huo sote wawili tulikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mama alitushonea magauni meupe ya kitambaa kimoja. Nabintu alishika maswali yote na majibu yake kichwani, na katekista akamchagua awe mbele ya watoto wote siku hiyo, akibeba mshumaa. Nikaona sasa imezidi. Mdogo wangu alipendwa na mungu wa Miti, akapendwa na wa parokia, na mimi sikuwa na hata mmoja aliyejua jina langu.

Kisha katekista akatufundisha amri ya kwanza. Alisema Mungu ana wivu, hakubali kuchanganywa na mwingine. Watoto wengine waliogopa. Mimi nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimempata Mungu anayefanana na mimi.

Somo lilipokwisha nilibaki nyuma.

"Papa katekista, Nabintu iko na bwana tayari."

"Bwana gani? Katoto kale?"

"Lyangombe. Angalia ku mukono yake."

Kesho yake alimwita Nabintu mbele ya wote. Alijaribu kuivua bangili kwa sabuni, lakini mkono ulikuwa umekua na shaba haikupita. Akatuma mtu alete koleo. Nabintu aliunyosha mkono mwenyewe. Hakulia. Koleo lilipobana, hakuitazama bangili wala katekista, alinitazama mimi.

"Nani atatupa hii mu choo?" katekista akauliza.

"Mimi," nikasema.

Sikuitupa. Nyuma ya choo niliikunja upya ikazunguka mkono wangu, nikateremsha mkono wa sweta, nikangoja. Leo siwezi kusema nilingoja nini. Labda maziwa.

Koko alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba bangili ile isitoke kabla Nabintu hajazaa mtoto wake mwenyewe. Ikitoka, kile kilichozuiliwa mlangoni kitaingia. Siku ile ile, Jumatano, Nabintu alipata homa. Ijumaa alikuwa amelazwa katika kituo cha afya, ana maji ya dawa mkononi, mkono ule ule, na hakutambua tena sauti ya mama. Gauni lake lilibaki limetundikwa kwenye msumari. Jumapili, siku ya komunyo, katekista alinipa mimi mshumaa. Niliubeba mbele ya watoto wote, bangili nimeifunga kiunoni kwa uzi chini ya gauni, nta inaniunguza vidole, na kila hatua nilifikiri: nimemuua.

Jumatatu Koko alikuja kutoka Miti. Kabla ya kumsalimu mama aliinua mkono wa Nabintu, akaugeuza, akaurudisha polepole juu ya shuka. Alipotoka nje nilimfuata, nikakata uzi wa kiunoni, nikampa ile bangili.

"Koko, ni mimi nilisema kwa katekista. Unipatie mimi kwa Lyangombe, Nabintu apone."

Tazama jinsi nilivyokuwa. Hata nilipotubu, nilikuwa bado naomba nipewe mimi.

Koko aliipokea bangili.

"Weye? Nikupatie juu ya nini? Haujagonjwaka hata siku moja."

"Yeye munamupenda kuliko miye."

"Nani alikudanganya?" Alikaa juu ya jiwe, akakunja kitenge chake magotini. "Siku ile tulimupeleka kwa Lyangombe, mama yako alikuwa anatafuta kitambaa ya kumuzika. Mutoto wa kupewa Lyangombe ni ule wenye watu wamechoka kungojea apone. Weye ulikuwa unalia na nguvu mpaka majirani wanakuja kuuliza. Nani angekupana? Maziwa ile haikuwa ya mapendo, Faida. Ilikuwa ya woga."

Kisha akanirudishia bangili.

"Iweke weye, maana uliipenda. Na sasa enda ulete maji, mama yako hajaoga tangu Ijumaa."

Nabintu alipona. Muuguzi alisema ni malaria, na kwamba dawa imefanya kazi. Mama alisema ni Bikira Maria. Koko aliporudi Miti alimimina kasiksi mbele ya kile kibanda. Sijui ni nani kati yao aliyestahili shukrani, na kwa kweli sikutaka sana kujua. Nilitaka tu apone, na alipopona, wivu wangu nao ukainuka kitandani pamoja naye. Watu husema ukielewa jambo linaisha. Mimi nilielewa, na halikuisha. Leo Nabintu anauza vitenge mjini Kamituga, ana watoto wanne na mashavu yaliyojaa, na akija kwangu watoto wangu humkimbilia yeye kwanza. Hajawahi kunitajia siku ile ya koleo.

Juma lililopita binti yangu Asifiwe alikuwa mezani na daftari lake la historia, akikariri miungu ya Misri na ya Wagiriki. Mwalimu wao aliwachorea kila mungu na kazi yake: wa jua, wa wafu, wa vita. Aliwaeleza kwa heshima, na hakuna aliyetuma koleo liletwe.

"Mama, na siye tulikuwaka na nani?"

Nilimsimulia, huku nikimmenyea yai Baraka, mdogo wake, ambaye kifua kinamsumbua tangu kuzaliwa. Asifiwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Na weye, walikupatiaka nani?"

"Hakuna. Nilikuwa muzima."

Aliangalia yai mkononi mwa Baraka. Asifiwe naye ni mzima. Sikumbuki mara ya mwisho kumpeleka kwa daktari. Alifunga daftari, akachukua bidoni bila kuitwa, akatoka kwenda kuchota maji. Ukimya ule ninaujua, nilikaa ndani yake miaka mingi.

Kesho yake nilichemsha mayai mawili.