Sauti Yangu Kwenye Simu ya Meneja

Mimi ni msusi, na mdomo wangu haujawahi kufunga duka. Mteja akikaa kwenye kiti changu huinuka na nywele nzuri na masikio yaliyochoka. Nawaambia mapema ili msije mkashangaa huko mbele.

Mdogo wangu tunamwita Meneja. Tangu utotoni ndiye aliyetupanga nani akae wapi mezani, na jina likamganda. Sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, ila akili yake huenda polepole: kusoma hawezi, njia mpya humchanganya, na neno akiambiwa hulishika lilivyo. Lakini kukunja mashuka, hapo mwacheni. Basi kiwanda kimoja cha dobi kikakubali kumjaribu, kwa sharti moja: aje mwenyewe. Mama msimamizi aliniambia bila kuzunguka kwamba anaajiri mtu mmoja, si mtu na dada yake. Akiletwa kama mtoto wa chekechea, nafasi anapewa mwingine.

Meneja aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukawa haumjii. Mimi nilitaka aipate, na papo hapo nilitaka nimshike mkono mpaka mlangoni. Mafahali wawili zizi moja, na zizi lenyewe kichwa changu.

Mwalimu wa kituo chake cha mafunzo akaweka kwenye simu ya Meneja programu ya njia. Simu inajua ulipo. Ukifika mahali, picha ya pale inatokea na sauti inakuambia cha kufanya. Mwalimu alitaka kurekodi yeye, nikakataa katakata. Sauti aliyoizoea ni ya nani kama si yangu? Tukaizunguka njia nzima, mimi nikiongea kwa mbwembwe kama mtangazaji. Mwalimu aliniomba nitumie maneno machache. Nikamjibu kwamba maneno machache ni ya wasiojua kusema. Tukafanya mazoezi, mimi ubavuni kwa Meneja, na kila kitu kikaenda sawa.

Siku yenyewe niliapa kubaki saluni. Nikafungua mlango, nikaufunga. Nikavaa wigi la maonyesho la pale saluni, miwani myeusi na koti la jirani yangu muuza viatu, nikapanda basi lake kwa mlango wa nyuma. Mwizi mwenyewe angenionea haya.

Meneja alisafiri vizuri kuliko mimi. Mimi ndiye niliyekanyaga watu. Aliposhuka kituo sahihi, machozi ya furaha yalinitoka chini ya miwani. Kisha akasimama.

Alisimama tu, simu mkononi, mgongo umenyooka, watu wakimpita. Kiwanda kilikuwa kinaonekana pale mwisho wa mtaa, wafanyakazi wa mwisho wakiingia getini. Nikajibanza nyuma ya kibanda cha vocha, nikamlaani mwalimu, nikailaani simu na aliyeibuni. Nilijua tu! Chombo cha dukani kitamlea nani? Lakini chini ya laana zile nilikuwa naogopa kweli, maana mlinzi alikuwa ameshashika geti.

Uvumilivu ukanishinda. Nikatoka, nikamuuliza kwa nini haendi.

"Umesema nikungoje," akajibu. Hakushtuka hata kidogo kuniona.

Nikamwambia sijasema neno. Akabonyeza picha ya kituo, na sauti yangu ikatoka, tamu kabisa: "Haya, umefika, shuka. Ningoje."

Jamani. Miaka yote tukishuka kwenye basi mimi hubaki nyuma nikihangaika na mikoba, na neno hilo hunitoka lenyewe. Siku ya kurekodi lilinitoka vilevile. Kwenye mazoezi alikuwa akiningoja kidogo, nafika, tunaendelea, na sikuona lolote. Simu haikuwa na kosa. Ilisema nilichosema.

"Sasa umefika," Meneja akasema, akaninyooshea mkono. "Twende."

Mkono ule nimeushika tangu alipoanza kutembea. Ningeushika, tungefika, na kazi ingekwenda kwa mwingine. Nikatia mikono yangu mifukoni mwa koti la watu.

"Nenda mwenyewe," nikamwambia. "Usiningoje."

Alinitazama kidogo, ahakikishe nimemaliza, maana si kawaida yangu. Kisha akaenda, mwendo wake uleule. Mlinzi alimpisha, geti likafungwa nyuma yake, nami nikabaki kituoni nikilia kama niliyefiwa, wigi limekaa upande. Muuza vocha akanipa kiti.

Jioni alirudi mwenyewe. Aliingia saluni, hakunisalimu, akaenda moja kwa moja kwenye lile wigi akaanza kulichana kama anavyolichana kila Jumamosi.

"Nilikuona tangu kwenye basi," akasema. "Umelivuruga."

Nikamuuliza habari za kazi, akasema kesho anarudi. Kisha akataka nimwonyeshe pa kufutia sauti yangu ya pale kituoni, arekodi yake. Akafikiri, akaisogeza simu mdomoni, akasema taratibu:

"Umefika. Shuka. Dada yuko kazini."

Mteja niliyekuwa namsuka aliniuliza kama naumwa, maana nilikuwa kimya.