Sukari Haimo Kitabuni

Wafugaji wa Masha walimsikia Ndayambaje kabla ya kumwona. Pikipiki yake ilikuwa kuukuu na mlio wake ulijulikana, lakini sauti yake iliushinda. Angali njiani alikwisha kuanza kumsalimu mwenye boma, kumuuliza habari za ndama aliyezaliwa juzi, na kumsimulia ya huko alikotoka. Akishajaza madebe yake ya maziwa alipita Kabingo, akashika njia ya Mbarara, akayauza madukani, na jioni akarudi kwake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu na Base Camp, akiwa bado na maneno ya kumtosha mkewe Mukandoli mpaka chakula kiive.

Ng'ombe hao wa Masha hawakuwa wake. Wake walibaki milimani kule Kivu Kusini, nchini Kongo. Wengine waliporwa, wengine hakujua waliishia wapi. Aliingia Uganda na mkewe akiwa mjamzito. Teta akazaliwa hapo hapo Nakivale, wala hakupata kuiona nchi ambayo wazazi wake waliiita kwetu.

Teta alipofika umri wa shule, wazazi Wakongo wa jirani walikuwa wameanzisha darasa la watoto wadogo katika jengo la kanisa. Lilikuwa darasa la Kifaransa kitupu: kuimba kwa Kifaransa, kuhesabu kwa Kifaransa, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kifaransa. Walitaka siku ya kurudi ikija watoto wao wasikae nyuma. Ndayambaje alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuleta mtoto. Yeye mwenyewe vita vilimfukuza mwalimu wake kabla hajamaliza silabi. Biblia ya Kiswahili aliisoma kwa kuburuta kidole, lakini Kifaransa kilimpita kando. Alikumbuka ofisi za kwao, alivyokuwa akipewa karatasi na kusimama nayo mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake, hajui ampeleke wapi.

"Kuanzia leo," alimwambia mkewe siku Teta alipovaa sare, "mu hii nyumba Kinyamulenge iishe. Na Kiswahili tupunguze. Mutoto asikie Kifaransa tu."

Mukandoli alikuwa akimenya ndizi. "Kifaransa gani? Wewe unajua nini?"

"Bonjour. Merci. Asseyez-vous."

"Basi tutasalimiana, tutashukuru, na tutakaa," alisema Mukandoli, akaendelea kumenya.

Ikawa hivyo kweli. Mtu yule ambaye wafugaji walimjua kwa maneno, akifika mlangoni pake alimeza ulimi. Chakula kilipakuliwa kwa merci, kikaliwa kimya. Teta akianza kusimulia jambo kwa Kinyamulenge, lugha ya nyumbani kwao, baba aliinua kidole, na mtoto akanyamaza. Miezi ikapita. Ndayambaje aliamini kwamba katika kimya kile Kifaransa kilikuwa kikiota, kama mbegu ambayo huioni bado.

Jumamosi moja mwalimu wa darasa akaja nyumbani. Aliitwa Constance, mama wa makamo kutoka Uvira, mpole wa sauti, ambaye hakuwa na desturi ya kutembelea watu bila sababu. Alikaribishwa uani, akapewa kiti na kikombe cha maziwa.

"Baba Teta," alianza, "mutoto yenu anasikia muzuri?"

"Masikio yake ni mazima, mwalimu. Kwa nini?"

"Mu darasa hasemi. Wenzake banachanganya, banakosea, lakini banasema. Yeye ananiangalia tu. Hapa nyumbani anaongea?"

Mukandoli akakohoa. Ndayambaje akaeleza amri yake, tena kwa fahari kidogo, akitegemea kusifiwa. Constance hakumsifu. Alimwita Teta, akamwonyesha kuku aliyekuwa akiparura uani, akamuuliza kwa Kifaransa ni nini kile. Kimya. Akauliza kwa Kiswahili. Teta akafungua mdomo, kisha akamtazama baba yake kwanza, kama anayeomba ruhusa.

Ndayambaje aliyaona yale macho.

"Kifaransa ni kazi yangu mimi," Constance alisema. "Yenu ni kuongea naye. Mingi. Kwa luga munayoijua kabisa. Mutoto akijua kuku anafanya nini, anakula nini, anaogopa nini, mimi nitamupa jina yake ya Kifaransa kwa siku moja. Lakini kama mu kichwa hamuna hadithi, ile jina nitaiweka fasi gani?"

"Mwalimu, kama Kinyamulenge ingefungua milango, mimi singekuwa nauza maziwa."

"Haikufungwa na Kinyamulenge, Baba Teta. Ilifungwa na vita."

Kabla ya kuondoka alitoa mfukoni kitabu chembamba cha picha, habari za kuku mwenye kiu anayetafuta maji. Alisema wapate mtu wa kumsomea mtoto kwa sauti, mara nyingi, mpaka hadithi imwingie. Yeye mwenyewe angependa, lakini watoto darasani walikuwa wengi, na wengine wazazi wao hawakushika hata kalamu.

Jioni ile Ndayambaje aliketi karibu na meko na hakujua aanzie wapi. Mwishowe akaanzia kwa ng'ombe. Alimsimulia Teta habari za Gaju, aliyekuwa wa rangi ya udongo mwekundu, mpole kama mkwe mgeni. Akaja kwa Bihogo, mwekundu wa kukolea karibu na weusi, ambaye hakukubali kukamuliwa mpaka aimbiwe. Teta alisikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza Bihogo aliimbiwa wimbo gani. Ndayambaje akauimba. Akauliza kama Gaju na Bihogo walipendana. Akauliza nani alikuwa mkubwa. Maswali yakafunguka kama maji yaliyozibuliwa, na Mukandoli, aliyekuwa amegeuza uso upande wa moto, alipangusa macho akisingizia moshi.

Sasa ikabaki kazi ya kitabu. Ndayambaje alikichukua, akakifunga katika nailoni kisipate maziwa, akaenda nacho Mbarara.

Miongoni mwa wateja wake wa mjini alikuwapo mwanamke mmoja Mwislamu, Rahmah, aliyeitwa na wote Mama Hudu kwa jina la mwanawe mkubwa. Alikuwa na duka la vyakula. Alizaliwa Bujumbura na kusoma huko, mpaka mume akamleta Mbarara. Mara moja moja alipokasirishwa na jambo alilalamika kwa Kifaransa, na hivyo ndivyo Ndayambaje alivyojua kwamba anakijua.

"Lete nikione," Mama Hudu alisema, akafuta mikono kwa leso. Alifungua ukurasa wa kwanza, akatabasamu. "Ee, Mungu wangu! Nikikumbuka mwalimu wetu alivyokuwa anatupigisha kelele na hizi poule zake, kuku kutwa! Sasa mimi nitafikaje Nakivale kumsomea mtoto?"

"Si lazima ufike," Ndayambaje alijibu, akatoa simu na kuiweka irekodi. "Wewe soma humu. Yeye atakusikia."

Mama Hudu akakaa sawasawa juu ya gunia la mchele, akakohoa kidogo kama anayetaka kuadhini, akasoma. Alisoma vizuri, sauti ikipanda kuku anapouliza na kushuka kuku anapokata tamaa. Alipofika pale kuku anapochungulia sufuria, mteja mmoja akaingia kwa haraka: "Mama Hudu! Leta sukari, na kibiriti!" Mama Hudu akampungia mkono angoje, akaendelea mpaka mwisho, mvua inaponyesha na kuku anakunywa.

"Turudie? Huyu ameniharibia."

"Hapana, iko sawa," alisema Ndayambaje. Jua lilikuwa linapanda na maziwa ya wateja wengine yalikuwa bado kwenye pikipiki.

Tangu siku hiyo, kila jioni, kabla ya giza kuingia, Teta alikaa mkekani na kitabu mapajani, simu pembeni, sauti ya mwanamke wa Mbarara ikisoma. Haukupita muda akaanza kusoma pamoja naye. Halafu akasoma peke yake. Ndayambaje alisimama mlangoni akisikiliza mtoto wake akitiririka Kifaransa, akaona ametoka shimoni.

Ndipo Jumapili moja, baada ya ibada, majirani walipokuja kunywa maziwa, hakuweza kujizuia. "Teta, lete kitabu. Usomee bageni."

Teta akasimama katikati. Alifungua, akasoma, matamshi safi, kurasa akizigeuza mahali pake. Wageni wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mzee mmoja wa kanisa akasema huyu atakuwa mkalimani. Teta akafika kwenye sufuria.

"La poule regarde la marmite," alisoma. Na kwa sauti ile ile ya kusoma, kidole hewani, akaendelea: "Mama Hudu! Leta sukari, na kibiriti!" Akageuza ukurasa.

Watu wakatazamana. Kisha nyumba nzima ikaangua kicheko, mzee wa kanisa akamwaga maziwa yake. Ndayambaje alicheka kwa midomo tu. Teta hakuelewa amekosa nini. Alikifunga kitabu, akaenda kujificha nyuma ya mama yake.

Kesho yake Ndayambaje hakwenda Masha kwanza. Alimngoja mwalimu mlangoni pa darasa.

"Mwalimu, nimejidanganya. Mutoto hasomi. Anaimba tu yale anasikia." Akamweleza yote.

Constance alicheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia akasema, "Musikasirike. Anajua hadithi ina mwanzo na mwisho. Anajua kitabu inafunguliwa upande gani. Matamshi yake ni mazuri kuliko yangu. Kumebakia kitu moja, ajue kama yale maneno yanakaa mu karatasi, hayakai mu simu. Mumuambie aweke kidole chini ya kila neno. Na musimukosoe mingi. Mumuulize tu."

Jioni Teta alikataa kukishika kitabu. Ndayambaje akakaa naye mkekani. "Jana hatukukucheka wewe," alisema. "Tulimucheka ule mutu wa sukari. Njoo tumutafute."

Hilo likamvuta. Wakaiwasha simu, Teta akatembeza kidole chini ya maneno, akichelewa, akirudi. Kuku alipochungulia sufuria, sauti ya mteja ikalia, na Ndayambaje akaizima simu.

"Nionyeshe sukari iko wapi."

Kidole kikaanza kutafuta. Kilipanda juu ya ukurasa, kikashuka. Kikasimama kwenye herufi aliyoijua darasani. "Hii ni s," alisema, kisha akatazama zaidi, "lakini hii ni soif. Ni kiu." Akageuza ukurasa, akatazama nyuma yake. Akarudi. Akaangalia hata kwenye picha, ndani ya sufuria ya kuku.

"Papa, sukari haiko mu kitabu."

"Iko wapi basi?"

Teta alifikiri. "Iko mu simu tu. Ule mutu alikuwa mu duka. Hawakumuandika."

Akaikazia karatasi macho, kama anayeiona mara ya kwanza. Halafu akafungua ukurasa wa mwanzo na kuomba simu isiwashwe. "La," alisema, kidole chini. Akangoja. "Pou... poule." Kurasa mbili zilimchukua mpaka chakula kikawa tayari, na siku hiyo hakuna aliyemharakisha.

Yaliyofuata yangemkatisha tamaa mtu asiyejua. Mtoto aliyekuwa akitiririka sasa alikuwa akijikwaa kwenye kila neno. Constance alileta kitabu kingine, ambacho hakuna aliyekuwa amekisoma kwenye simu, na mambo yakazidi kuwa mazito. Neno la maji alilisoma herufi moja moja, e-a-u, likawa mlio usio na maana. Ndayambaje hakuweza kumsahihisha. Alichoweza ni kile alichofundishwa. Kila ukurasa ukiisha aliuliza, "Kumetokea nini?" na Teta akamsimulia kwa Kinyamulenge, tena kwa marefu kuliko kitabu chenyewe. Palipokataa walipaacha, kesho akapapeleka kwa mwalimu.

Siku moja akarudi kutoka darasani mbio. "Papa! Ile e na a na u, ziko tatu, lakini zinasema o moja tu!"

"Basi ni kama bazee ba kanisa siku wamekubaliana," alisema Ndayambaje, na Mukandoli akamkemea huku anacheka.

Mama Hudu alipopelekewa habari za sukari alijifuta machozi ya kicheko kwa leso, kisha akafunga mlango wa duka, akasoma vitabu viwili zaidi vya Constance kwenye simu. Wafugaji wa Masha nao waliijua hadithi yote, maana Ndayambaje aliwasimulia boma kwa boma, kila mara ikirefuka.

Sasa Teta yuko mwaka wa pili. Bado ana maneno yanayomshinda, hasa yale yenye herufi za mwisho ambazo zimeandikwa na hazitamkwi. Anaziona ni uvivu wa Wafaransa. Lakini akipewa kitabu kipya hamngoji mtu.

Majuzi, kiangazi kikiwa kimekausha hata majani ya migomba, alikuwa akiwasomea habari za mkulima anayetazama juu. Akakwama. Akajaribu neno kwa mbele, akajaribu kwa nyuma. Akamtazama baba. Baba akainua mabega.

"Nuage," ikasema sauti kutoka mekoni. "Ni wingu."

Wote wawili wakageuka. Mukandoli alikuwa akikoroga sufuria, hata hakuinua kichwa.

"Wewe umejua wapi?" Ndayambaje aliuliza.

"Si munasoma kila jioni? Mulifikiri masikio yangu nayo yanapika?"

Teta akasogea pembeni mwa mkeka, akapigapiga mahali palipobaki wazi. Mukandoli aliupunguza moto, akafuta mikono kwa kitenge, akaja kuketi.