Kioo cha Buluu na Poda ya Shangazi

Mwalimu aliyesimamia utafiti wangu hakunipenda, na mimi sikujisumbua kumpenda. Mwaka mzima aliniambia kwamba kioo changu ni mchezo wa watoto. Kilikuwa kipande cha kioo nilichokipaka dawa. Ukikitumbukiza katika maji ya chumvi na kukipitishia umeme wa betri za tochi, kinageuka buluu. Ukigeuza nyaya, kinarudi safi, unaona hadi upande wa pili. Huko kurudi ndiko kulikokuwa kazi yangu yote. Kugeuka bila kurudi, hata shati lililomwagikiwa mchuzi linaweza. Na nisingepita siku ile ya kutetea utafiti huo, ningerudia mwaka mzima chini ya mtu yuleyule.

Niliunganisha nyaya mbele ya walimu watatu, yeye akiwa mmoja wao. Kioo kikaanza kuwa buluu polepole, toka pembeni, na hata yeye akasogeza kiti ili aone vizuri. Nilifurahi kwa chuki, sitaficha.

Shangazi yangu alikuwa mlangoni na mkebe wa poda ya watoto. Kwetu Lubumbashi anayefaulu humwagiwa poda kichwani, ila ndugu husubiri nje mpaka matokeo yatangazwe. Subira, shangazi hana. Alipoona buluu alidhani mambo yamekwisha. Aliingia na vigelegele, akanimwagia mkebe mzima, akanikumbatia kwa ule mwili wake wa kabati, na kiwiko chake kikaangusha chombo cha maji ya chumvi, kioo kikiwa ndani. Maji yakamwagikia karatasi za mwalimu. Kioo kikavunjika sakafuni.

Shangazi alitolewa nje. Mwalimu akajifuta taratibu.

“Mademoiselle, tuliona rangi moya tu. Kurudi yake iko wapi?”

Alijua. Katika maabara yake alikiona kikirudi zaidi ya mara kumi, na hakusema neno. Nikainama kuokota vipande vya kioo. Wakajadiliana kidogo, wakaniambia nirudie mwaka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mweupe toka nywele hadi viatu. Watu nisiowajua walinipigia makofi, na wauza mikate wakanipongeza kwa Kifaransa. Shangazi aliwaitikia wote, “Aksanti, aksanti sana.”

“Tantine,” nikamwambia, “nilianguka.”

Tabasamu lake halikutoka usoni.

“Nyamaza. Bantu banatuangalia.”

Akaendelea kuwapungia mkono. Saa ile nilimchukia kuliko mwalimu.